Meza ya Kupokea Mchango: historia fupi ya siku za kuchangia programu huria

Najua nimepotea, na wawili watatu wameniandikia kuuliza kama blogu hii imekufa. Haijakufa. Ni kazi tu, na umeme wetu huu unaokuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.

Leo nina jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani kwa wiki mbili. Jamaa wa mradi fulani wa programu huria ambao huwa nauchangia (jina sitalitaja, na mkisoma mbele mtaelewa kwa nini) wameniomba niandae siku ya kuchangia hapa Nairobi. Kwa wasioijua, hii ni siku ambayo watu hukutana mahali pamoja, kila mtu na laptopu yake, huyu akirekebisha hitilafu, yule akiandika maelezo ya matumizi, mwingine akitafsiri, ili kufikia jioni programu iwe bora kuliko ilivyokuwa asubuhi. Niliwajibu wanipe muda nifikirie. Si kwamba sipendi. Niliwahi kuandaa siku kama hiyo, na bado inaniuma.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja kando ya Barabara ya Ngong. Nilitangaza kila mahali. Nilihangaikia soda, sambusa, viti na bango. Walikuja watu zaidi ya ishirini, wengi wakiwa wanafunzi wa vyuo, na nilijiona bingwa. Saa tatu asubuhi nikawaambia wote, haya, pakueni programu tuanze. Loo! Watu zaidi ya ishirini wakapakua vitu vilevile, vya ukubwa uleule, kupitia waya mmoja wa intaneti. Kufika saa saba mchana ni sita tu waliokuwa na programu inayowaka kwenye mashine zao. Wengine walikuwa wanatazama mstari wa kupakua ukisogea kama konokono.

Baada ya sambusa nikaulizwa swali ambalo sikuwa nimelitarajia: tuanze na hitilafu ipi? Nikafungua orodha ya mradi. Mamia ya tiketi. Nyingine za miaka mingi, nyingine zilishatatuliwa na hakuna aliyezifunga, nyingine hata mimi sikuzielewa. Tukachagua kwa kubahatisha. Jioni watu wanne walikuwa wametuma kitu, tukapiga picha ya pamoja, tukaenda zetu.

Miezi miwili baadaye mmoja wa wale wanne, msichana wa mwaka wa tatu, akaniandikia: "Kaka, ile kazi niliyotuma ilipokelewa?" Nikaenda kuangalia. Hakuna aliyeifungua. Wenye ruhusa ya kuingiza msimbo kwenye mradi walikuwa bara jingine, wamelala wakati sisi tunafanya kazi, na mimi sikuwa nimewaambia kwamba kutakuwa na siku kama hiyo. Nilipowasukuma, mmoja akaitazama, akajibu kwa adabu kwamba faili lile limebadilika sana tangu wakati ule, kiraka hakishiki tena. Nikampelekea yule dada jibu hilo. Hakuniandikia tena, na sijaliona jina lake kwenye mradi wowote tangu siku hiyo.

Kwa hiyo safari hii kabla ya kusema ndiyo nilikaa nikasoma. Nilitaka kujua mambo haya yalianzaje, nani aliyafanya kwanza, na waliofanikiwa walifanya nini ambacho mimi sikufanya. Nimeona nisiyafungie kabatini.

Tuanze Ujerumani. Mwezi Oktoba 1996 mwanafunzi mmoja wa Tübingen, Matthias Ettrich, aliandika ujumbe kwenye intaneti akiwaita watu wamsaidie kutengeneza mazingira ya dirisha na vitufe kwa watumiaji wa kawaida wa Linux na Unix. Huo ndio ukawa mradi wa KDE. Watu walijitokeza kutoka nchi mbalimbali, wakafanya kazi kwa barua pepe, wengi bila kuonana uso kwa uso. Mwaka 1997 wakakutana Arnsberg, mji mdogo tu, wakauita mkutano huo KDE One. Walikuwa kama kumi na watano. Leo tungesema hao ni watu wa kujaza matatu moja na kubaki na nafasi ya konda kuning'inia. Lakini wale kumi na watano ndio waliokuwa wakiandika programu yenyewe.

Wakakutana tena Erlangen mwaka 1999. Hapo walikuwa na tatizo kubwa. Walikuwa wameamua kwamba programu zao zizungumze baina yao kwa kutumia mfumo mmoja mzito sana uitwao CORBA, na ulikuwa unawachosha. Ana kwa ana, wakauacha, wakabuni mfumo wao mwepesi, DCOP, na toleo la pili la KDE lililotoka mwaka 2000 likajengwa juu yake. Jambo ambalo kwa barua pepe lingebishaniwa miezi na miezi lilipata njia katika siku chache. Tazama kilichowezesha: kila mtu aliyekuwa chumbani alikuwa analijua tatizo kabla hajapanda treni, na waliokuwa na mamlaka ya kusema tunaliacha hili tunafuata lile walikuwa wameketi mlemle.

Mwaka huohuo wa 1999, ng'ambo ya Atlantiki, ndipo neno hakathoni lilipozaliwa. Hapa watu wengi hukosea, wakidhani lilitoka kwenye mashindano ya kampuni yenye hundi kubwa za karatasi na majaji. Lilitoka Calgary, Kanada, kwa watu wa OpenBSD. Kiongozi wao, Theo de Raadt, mzaliwa wa Pretoria ambaye familia yake ilihamia Kanada akiwa mtoto, aliwaita waandishi wa msimbo kumi hivi tarehe 4 Juni 1999. Na sababu ya kuwaita Calgary haikuwa mandhari ya milima. Wakati ule sheria za Marekani ziliwekea vikwazo programu za kuficha siri kwa hesabu nzito. Kuzipeleka nje ya nchi kulihitaji ruhusa, na mradi ambao msimbo wake uliandikwa ndani ya Marekani ungejikuta kwenye matatizo. Kanada haikuwa na kizuizi cha namna hiyo kwa programu zinazogawiwa bure kwa wote. Basi wakakutana mahali ambapo wangeweza kuandika kazi hiyo kwa usalama, wakashughulikia usimbaji wa mawasiliano ya mtandao, yaani IPsec. Neno lenyewe ni muungano tu wa kudukua na marathoni.

Hebu tulia kidogo hapo. Mahali pa mkutano palichaguliwa kwa sababu ya kazi, na waalikwa walichaguliwa kwa sababu ya kazi. Mimi ukumbi wangu niliuchagua kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu na karibu na stendi.

Siku chache baadaye, mwezi huohuo wa Juni, kampuni ya Sun nayo ilitumia neno hilohilo kwenye mkutano wake wa JavaOne. John Gage aliwapa changamoto waliohudhuria waandike programu ya Java kwa kifaa kipya cha mkononi, Palm V, kiwasiliane na vifaa vingine kwa mwanga usioonekana. Kwa hiyo tangu mwezi wake wa kwanza neno hili lilibeba maana mbili. Moja ni kukutana ili kusukuma mbele kazi ambayo tayari ipo. Nyingine ni kukutana ili kuonyesha ujuzi kwa kutengeneza kitu kipya. Hapa kwetu maana ya pili ndiyo iliyotawala: watu hushinda usiku wakitengeneza kitu, kinashangiliwa, na wiki ijayo hakuna anayekumbuka nenosiri la seva. Sina ugomvi nayo, imewapa vijana wengi kazi. Lakini ukiwa mwandaaji wa siku ya kuchangia na ukachukua desturi za ile ya pili, utaumia. Mimi niliumia.

Hakathoni za OpenBSD ziliendelea mwaka hadi mwaka na zikawa na desturi kavu kweli. Huji bila kualikwa. Hakuna hotuba. Unakaa, unaandika msimbo, ukiwa na swali unamgeukia jirani. Wengine huona hii ni kiburi, na mimi siwezi kusema ndiyo njia ya kumkaribisha mwanafunzi. Ila chombo cha OpenSSH, ambacho kila fundi wa seva nchini hukitumia asubuhi kabla ya chai, kilitoka kwenye mradi huohuo mwaka ule wa 1999, kwa hiyo tusiwacheke.

Wana pia kisa cha fedha ambacho kila mweka hazina wa kamati angepaswa kukisikia. Mradi ulikuwa unapata ruzuku iliyotoka kwa DARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kupitia Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwezi Aprili 2003, vita vya Iraki vikiwa vimepamba moto, Theo alizungumza na gazeti la Kanada na kusema waziwazi kwamba havipendi vita hivyo. Muda si muda ruzuku ikasitishwa. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa imekusudiwa malazi ya wageni wa hakathoni ya mwezi Mei, yaani wiki chache tu mbele. Jamii ya watumiaji ikachanga, na hakathoni ikafanyika. Nimeshaandika kwenye daftari langu: usiweke nafasi ya ukumbi kwa ahadi ya mdhamini.

Sasa niende kwa watu wa Python, kwa sababu hawa ndio waliofikiria kwa makini swali la mgeni asiyejua lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Zope ilikuwa inaandika upya programu yake kubwa ya tovuti. Tres Seaver, mmoja wa wahandisi wake, akaanzisha mikutano ya siku mbili tatu aliyoiita sprinti, yaani mbio fupi. Wazo lake lilitokana na mtindo wa kuandika programu wawili wawili kwenye kompyuta moja. Kundi linakuwa dogo, watu kumi hivi, na kuna kocha mmoja ambaye kazi yake ni kugawa kazi na kuhakikisha hakuna aliyekwama kimya kimya.

Mradi wa PyPy ukalichukua wazo hilo ukaligeuza kuwa maisha yake yote. Ulianzia kwenye sprinti, Hildesheim, Ujerumani, mwezi Februari 2003, na uliendelea kwa sprinti mji baada ya mji, hata wakati ulipokuwa unafadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwisho wa 2004 hadi 2007. Zao zilikuwa ndefu, karibu wiki nzima. Asubuhi wanakaa wote, kila mtu anasema alifika wapi jana na leo anataka kufanya nini. Kisha wanagawanyika wawili wawili, anayeujua msimbo na asiyeujua. Katikati ya wiki wanapumzika siku moja, wanatembea. Hii ya kumketisha mgeni na mwenyeji kwenye kibodi moja ilinichoma. Kwenye ukumbi wangu mwenyeji nilikuwa mmoja, nikirukaruka kama mhudumu wa hoteli saa ya chakula cha mchana.

Debian nao wana desturi ya karamu za kuua wadudu. (Mdudu ndiyo hitilafu. Sisi Nairobi tunasema bagi, lakini mwalimu wangu wa Kiswahili bado yu hai na anasoma hapa.) Kila toleo la Debian, na matoleo yao yana majina ya vikaragosi vya filamu ya Toy Story, huzuiwa na kundi maalumu la hitilafu zilizotiwa alama kuwa ni nzito mno kutoa toleo nazo. Idadi yake inaonekana hadharani. Basi watu hukutana wikendi moja, nyumbani kwa mtu, chuoni au kwenye mtandao tu, wanaishambulia idadi hiyo. Hakuna anayeuliza nianze na ipi. Orodha imeshapangwa miezi mingi kabla, na walioipanga ni wenye kifurushi wenyewe na kamati ya toleo. Kisha kuna kanuni nyingine nzuri: mwenye ruhusa anaweza kupakia marekebisho kwenye kifurushi kisicho chake, mwenyewe akiwa hayupo, kwa utaratibu unaojulikana. Kwa maneno mengine, walijua kwamba mwenye mali anaweza kuwa amelala, wakaweka mlango wa kuingilia bila kumwamsha.

Hapa ndipo nilipoanza kuwaza harambee zetu, na wasioishi Kenya wanivumilie. Sisi tunajua kuandaa mchango. Kabla ya siku yenyewe kuna kamati, kuna kadi zilizogawiwa wiki kadhaa mbele, kuna mgeni wa heshima aliyethibitisha kuja. Na siku yenyewe, mbele kabisa, kuna meza. Nyuma ya meza kuna mtu na daftari. Ukitoa mia mbili, jina lako linasomwa kwa kipaza sauti, mama Fulani, shilingi mia mbili, makofi! Hata mtoto akitoa shilingi kumi inaandikwa. Sasa fikiria harambee ambayo watu wamekuja na pesa mfukoni na meza haipo. Wanazunguka na noti mkononi, wanakula wali, wanarudi nazo nyumbani. Hiyo ndiyo siku niliyoiandaa mimi.

Watu wa Drupal waliiweka meza, na waliiweka jukwaani. Katika mikutano yao mikubwa ya DrupalCon ya miaka ya 2010, siku ya mwisho ilikuwa ya kuchangia. Wageni walitengewa chumba chao na walezi wenye fulana za rangi moja ili waonekane kwa mbali, na asubuhi nzima ilikuwa ni ya kusaidiwa kuweka vifaa kwenye laptopu, bila mtu kuona aibu. Walipochoshwa na intaneti ya kumbi (kumbe hata Ulaya na Marekani intaneti ya ukumbi ni shida!) wakaanza kubeba kila kitu kwenye flashi, ukichomeka unaanza. Halafu mchana, kiraka kimoja cha mtu anayechangia kwa mara ya kwanza kilichaguliwa, naye akaitwa mbele, na mmoja wa wachache wenye ufunguo wa msimbo mkuu akakiingiza pale pale, kwenye skrini kubwa, ukumbi mzima ukipiga makofi. Shilingi kumi imesomwa kwenye kipaza sauti. Nimeitazama video moja ya tukio hilo mara tatu, na sioni haya kusema kwamba mara ya pili nilimkumbuka yule dada.

Kisha kuna historia ya kinyume chake, na hii nimeishi ndani yake. Mwaka 2014 kampuni ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest: mwezi mzima wa Oktoba, tuma michango kwenye miradi ya GitHub, ukifikisha idadi upewe tisheti. Mwanzoni ilikuwa jambo zuri na ilifundisha wengi, wengi wao kutoka Afrika na Asia, namna ya kutuma mchango wa kwanza. Ninayo tisheti moja mwenyewe, naivaa nikiosha gari. Lakini angalia kilichohesabiwa: idadi ya michango iliyotumwa. Mwaka 2020 mambo yakaharibika. Watu walianza kutuma mabadiliko ya upuuzi, kuongeza neno moja kwenye ukurasa wa maelezo, kuhamisha nukta, maelfu kwa maelfu, ili wapate nguo. Watunzaji wa miradi, ambao hufanya kazi hiyo usiku baada ya ajira zao, wakaamka na kukuta takataka mlangoni. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 3 Oktoba, siku mbili tu baada ya kuanza, waandaaji walibadilisha kanuni: ni miradi iliyokubali yenyewe tu itakayohesabiwa. Mwaka 2023 tisheti zenyewe zikaondolewa, ikabaki beji ya kidijitali. Wapo waliowalaumu vijana wa nchi maskini kwa uchu wa tisheti. Mimi siwalaumu hao. Ukiwaita watu ukawaambia unahesabu vichwa, watakuletea vichwa.

Na kwetu Afrika Mashariki? Historia ipo, ila hatuiandiki. Mwezi Desemba 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wao wa Kilinux. Wengine waliibeza siku zile, wakisema nani atasema "hariri" na "hifadhi". Kilichonivutia mimi ni mpangilio wa kazi. Hawakuwakalisha watu wakaanza kutafsiri tu kila mmoja na lake. Waliandaa kwanza orodha ya istilahi, wakikaa wataalamu wa kompyuta na wataalamu wa Kiswahili, ndipo kutafsiri kukafuata. Ukitaka kujua kwa nini hilo lina maana, kaa na Wakenya watatu na Watanzania watatu uwaulize kompyuta inaitwaje. Tarakilishi, ngamizi, au kompyuta? Utakula chakula cha mchana mkiwa bado hapo.

Halafu kuna Ushahidi, ambayo haikuwa siku ya kuchangia kwa maana ya ukumbi na viti, lakini siwezi kuiruka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ikiwaka moto, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake mwanzoni mwa Januari 2008 akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitikia, wakiwa wametawanyika nchi mbalimbali, na katika siku chache tovuti ilikuwa hewani. Baadaye msimbo ukafanywa huria na ukatumika duniani kote, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Hapakuwa na sambusa wala bango. Palikuwa na ombi moja lililoeleweka na mtu wa kupokea kila kipande kilichoandikwa.

Na juzijuzi, Novemba 2023, DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, pamoja na sprinti kama ilivyo desturi ya mikutano ya Django. Ya pili ikawa Arusha, Agosti 2025. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni safari ya basi tu. Kwa kizazi changu, tuliozoea kusoma mambo haya kama habari za mbali, hilo peke yake ni jambo la kunywea chai.

Basi nimewajibu wale jamaa wa mradi. Nimesema ndiyo, kwa masharti. Sharti la kwanza, wawili wenye ufunguo wa msimbo wawe macho siku hiyo, tangu saa nne asubuhi ya kwetu hadi saa kumi na moja jioni, na kazi yao iwe kukagua tu, wasiandike chochote. Mmoja amekubali mara moja. Wa pili kwake itakuwa ni saa za alfajiri, akasema atakunywa kahawa. Sharti la pili, tukae mimi na wao wiki tatu kabla tupitie ile orodha ya tiketi, tufunge zilizokufa, tubakize thelathini zinazoeleweka, kila moja ikiwa na sentensi mbili za kueleza mahali pa kuanzia. Tumeshaanza. Tumefunga tiketi nyingi kuliko nilivyotarajia, na moja yao ilikuwa yangu mwenyewe, nilishaisahau.

Wataalikwa kumi na wawili, si zaidi, wakae wawili wawili. Nimepata wenyeji sita wanaoujua msimbo, mmoja atapanda gari la usiku kutoka Mombasa. Flashi nimenunua Luthuli Avenue, nikazijaribu zote, mbili ni mbovu, nitazirudisha kesho na sitarajii kurudishiwa pesa. Kuna jioni ya kusaidiana kuweka vifaa siku mbili kabla, ili Jumamosi isiliwe na mstari wa kupakua. Bango halipo.

Nimemwandikia pia yule dada, ambaye kwa sasa atakuwa ameshamaliza chuo. Nimemweleza kwamba lile faili bado lina hitilafu ileile aliyokuwa ameirekebisha, maana nimeangalia, bado ipo, na kwamba nimeiweka tiketi yake namba moja kwenye orodha. Nimemwomba radhi kwanza. Hadi ninapoandika haya bado hajajibu, na kiti chake sijampa mtu.